Siku Tuliyomvua Persida Jina

Mtoto wa kaka yangu Yared alizaliwa mwaka uleule mama yetu alipofariki, akapewa jina lake, Persida. Kwa hiyo mimi nilikuwa namwita mama, na yeye alipojua kusema akawa ananiita mwanangu. Kwetu, Wakaguru wa milima ya Kilosa, hilo si mzaha. Anayepewa jina la mtu hupewa na nafasi yake. Hata mjomba Hezekia, mdogo wake mama, ambaye ni mzee wa kanisa na hacheki ovyo, alikuwa anamwita dada.

Wapangaji wenzetu pale Mikumi walifurahi kumsikia mtoto wa darasa la kwanza, mwembamba, sare inampwaya mabegani, akiniuliza mimi mtu mzima: "Mwanangu, umekula?" Mimi sikucheka. Mama alizikwa nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na sauti ile ndogo ilikuwa inanigusa mahali ambapo sikutaka watu wapaone.

Tena hakuuliza kama mtoto. Alikohoa kidogo kwanza, kikohozi kikavu cha mtu anayejiandaa kusema jambo, halafu akauliza. Mama alikuwa hivyohivyo. Akikaa chini alinyoosha miguu yote miwili na kupapasa magoti kwa viganja, kama mtu aliyetoka kulima, naye hajalima popote. Akila, alianza na mboga, akauacha ugali mpaka mwisho. Yared akimwona anakula hivyo alikuwa anageukia ukutani. Hakuna aliyemfundisha. Hakuwahi kumwona bibi yake.

Na alikuwa mgonjwa. Si ugonjwa mmoja wenye jina. Kifua kilimbana kila mvua zilipoanza, kidonda kidogo cha mguuni kilichukua muda mrefu kupona, na kila alipopimwa uzito nesi alimpandisha tena kwenye mzani ili ahakikishe. Mwaka huo alilazwa, mrija wa oksijeni puani. Aliporuhusiwa, mama yake, Rebeka, alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa wa shule, na hakulalamika kwamba ni mzito.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Morogoro, shahada ya lishe, na nimepata nafasi ya kujitolea katika mradi mdogo unaozungukia zahanati. Nilikaa kwa Yared, nikilala na mtoto kitanda kimoja. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu akilijua jambo mapema anaweza kulibadilisha. Ndiyo maana niliomba nipewe mada ambayo wenzangu waliikwepa: chakula cha mama katika zile wiki za kabla na baada ya mimba kutunga.

Siku ya kuifundisha kina mama walikuja wengi kwa kuwa ilikuwa siku ya chanjo. Walijaa kwenye mabenchi ya baraza la zahanati, wakulima, wauza vitunguu, na kina mama wachache wa Kimaasai waliotoka kwenye maboma ya bondeni. Malori ya kwenda Iringa yalikuwa yanapita barabarani, na kila lilipopita moja nilinyamaza nikasubiri. Rebeka alikuwa amekaa nyuma, Persida amelala mapajani pake.

"Wengi wenu mnaimba kwaya," niliwaambia. "Kitabu cha nyimbo kimeshachapwa, maneno hayabadiliki. Lakini mwalimu wa kwaya anapita na penseli. Ubeti huu tuimbe kwa nguvu, huu polepole, huu turuke. Kitabu ni kilekile, ila wimbo unaosikika ni mwingine. Sasa jeni za mtoto ndicho kitabu. Anarithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Zile alama za penseli zinaanza kuwekwa siku za mwanzo kabisa, mimba inapotunga, na ili ziwekwe vizuri mwili wa mama unahitaji vitu vinavyotoka kwenye chakula. Mboga za majani. Maharage. Mayai. Maini."

Nikawaeleza kwamba Afrika Magharibi, katika vijiji ambavyo kila mwaka vina msimu wa njaa na msimu wa mavuno, watafiti wamepima damu za watoto na kukuta baadhi ya alama hizo zinatofautiana kufuatana na msimu ambao mimba ilitunga.

Mama mmoja mwenye kitenge cha njano akainua mkono. "Mtaalamu, kwa hiyo hayo mayai tule kabla baba hajarudi, au akisharudi?"

Baraza zima likacheka.

"Kabla," nikasema. "Miezi kadhaa kabla."

"Hee. Basi huyo baba atakuwa ameshahamia kwa jirani."

Naishorua, mmoja wa wale kina mama wa Kimaasai, hakucheka. Alikuwa amekunja uso akinisikiliza. "Wewe binti," akasema, "mtu ataijuaje siku hiyo? Mimi mimba naijua ikishanipiga teke."

"Hawezi kuijua, mama. Ugumu wenyewe ndio huo. Ukija kliniki kuchukua vidonge vya damu, alama nyingi zimeshawekwa. Ndiyo maana inatakiwa ale vizuri siku zote, hata kabla hajafikiria."

"Na kama hakula?"

Aliyeuliza alikuwa Rebeka. Hakuinua mkono.

"Kama hakula," nikasema, "alama zinaweza kukaa tofauti. Haina maana kwamba mtoto ameharibika."

"Penseli si inafutika?"

Rebeka huimba sauti ya kwanza kanisani, anajua mambo ya penseli. Kina mama waligeuka kumtazama. "Nyingine hufutika," nikamwambia. "Nyingine inaonekana hudumu. Bado hatujui vya kutosha."

Akaitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto miguu kwa khanga.

Kuanzia siku ile Rebeka hakulitaja jina la mwanawe. Alimwita wewe. Wewe, njoo uoge. Wewe, chukua daftari lako. Chakula alimpakulia, tena kizuri, lakini alisimama mlangoni akimtazama anavyokula, mikono ameifumbata, kama mwenye duka anayemtilia mteja shaka. Mtoto alipoanza na mboga, Rebeka alitoka nje.

"Mwanangu," Persida aliniambia asubuhi moja nikimsindikiza shule, baada ya kukohoa kidogo, "mimi nimemkosea nini mama?"

"Hujamkosea kitu, mama."

"Mbona haniiti?"

Nikamwambia mama yake amechoka, anauguza kwa muda mrefu. Alinitazama kwa huruma, jinsi watu wazima wanavyowatazama watoto wasiojua kudanganya.

Siku hiyohiyo niliporudi nilimkuta Rebeka uani anachambua matembele. Nikavuta kigoda nikaanza kumsaidia. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini.

"Wifi," nikasema, "mtoto anaumia."

"Najua." Aliendelea kuvunja vikonyo. "Ulisema, kabla hata mama hajajua."

"Nilisema kwa ujumla. Sikukusema wewe."

"Ngoja nikueleze wewe usiyekuwepo." Akaweka ungo chini. "Niliolewa kwenu Kilosa mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kwanza mto ukapasua tuta, ukachukua mahindi ya bondeni yote. Ukachukua na kuku wa mama yako. Unawakumbuka?"

"Nawakumbuka."

"Haya. Kwenu mkwe hali na mama mkwe mpaka afunguliwe kinywa. Mama mkwe anakata paja la kuku, anakulisha kwa mkono wake mbele ya wanawake wa ukoo, ndipo mnakaa mkeka mmoja. Kabla ya hapo unakula nyuma ya nyumba, wenyewe wakishamaliza. Ni heshima, sikatai. Mama yangu naye alipitia hayo, wakamfungua hata mwezi haujaisha. Mimi sasa, kuku hakuna, nyumba ina tope mpaka madirishani, na mama yako akaanza kuumwa. Nani akumbuke kinywa changu? Kila mtu aliona kuna mambo makubwa zaidi."

"Hukumwambia Yared?"

"Nimwambieje? Mume wangu, naomba nifunguliwe mdomo?" Alicheka kidogo, macho yake hayakucheka. "Hospitali walisema mgonjwa ale. Nikatafuta. Mayai yakipatikana kwa jirani, ya mama. Maharage ya msaada wa kanisa, ya mama. Mchicha niliouchuma kando ya reli, wa mama. Anakula mboga kwanza, ugali anauacha. Mimi nachukua ule ugali, naenda nyuma ya nyumba, nakula na chumvi. Kila siku, wifi. Mpaka likizo ukaja ukanishika mikono, ukaniambia ahsante kwa kumtunza mama, uso wake umerudi."

Ni kweli nilisema hivyo. Mama alikuwa amekaa juani siku ile, miguu ameinyoosha, sahani tupu pembeni yake, na mimi nilifurahi kuiona ile sahani tupu.

"Na mtoto aliingia tumboni humohumo," Rebeka akasema. "Sikujua. Siku zangu zilipokatika nilidhani ni njaa. Siku tunamzika mama yako mimi tayari niko na mtu ndani, nasimama nyuma ya nyumba, nakula ugali na chumvi."

Sote wawili tukatazama kizingitini. Persida alikuwa amenyoosha miguu, anapapasa magoti taratibu, anaangalia mawingu yanavyokusanyika upande wa milima.

"Mtazame," Rebeka akasema kwa sauti ya chini sana. "Yule si mwanangu anayekaa pale. Alikula cha mtoto kabla mtoto hajazaliwa, na mpaka leo bado anakula."

Nilijaribu kuzungumza kama nilivyofundishwa. Nikamwambia utafiti huchukua watoto wengi na kutafuta tofauti ndogo kati yao. Kwamba hakuna mtaalamu anayeweza kumshika mtoto mmoja mkono na kusema kifua hiki kimetokana na ugali ule. Nikamtajia moshi wa mkaa chumbani, malaria, maji ya kisima. Nikamwambia mtoto bado anakua, na chakula anachokula sasa kina kazi kubwa.

"Lakini huwezi kusema hakikutokana na ugali ule."

"Siwezi."

"Basi nataka avuliwe jina. Twende Kilosa kaburini. Wewe ndiye binti yake wa pekee, ni wewe tu unayeweza kulitoa."

"Rebeka, mama hakujua kama una mimba. Hata wewe hukujua."

"Kama si mama yako, basi ni mimi." Alisema bila hasira. "Nimekaa na hilo neno tangu zahanati. Tumbo ni langu, mdomo ni wangu. Hakuna mtu wa tatu pale. Haya, mtaalamu, chagua."

Sikuchagua. Niliondoka nikaenda kwa Yared, ambaye anakaanga chipsi kwenye kibanda kando ya barabara kuu, mahali malori yanapoegeshwa. Alikuwa na wateja, madereva wawili waliokuwa wanamtania kwamba mayai yake ni madogo kama ya njiwa. Aliwajibu kwamba kuku wa Mikumi wanaogopa simba, hawana raha ya kutaga. Walipoondoka nikamweleza.

Aliinamia karai, mafuta yanachemka mbele yake.

"Mnataka nimzike mara mbili," akasema.

"Mimi sitaki kitu, kaka. Nakueleza alivyosema mkeo."

"Unajua kwa nini hatuna mtoto wa pili? Kila mwaka ananiambia tusubiri mavuno. Mavuno yakija anasema haya ni haba, tusubiri mengine. Hiyo ni kabla hujaja na penseli zako." Aligeuza viazi. "Anamwogopa mama. Tangu zamani. Akipika anageuka kuangalia nyuma yake."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nendeni. Ila mimi siji. Nikisikia unamtoa mama kwa mdomo wako nitakuziba."

Tulipanda basi la Kilosa siku ya Jumamosi, Persida katikati yetu. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu, na pande zote mbili mahindi machanga. Kondakta alipotangaza wanaoshuka kijiji cha Ulaya, mtoto aliniegemea sikioni akasema, "Mwanangu, tumefika Ulaya bila pasipoti." Rebeka alicheka, halafu akajizuia, akaweka kiganja mdomoni. Nilimwona. Alikuwa amesahau kwa muda mfupi kumwogopa mwanawe.

Mjomba Hezekia ana duka la vipuri vya baiskeli Kimamba, lakini nyumba na shamba viko Kilosa, juu, mahali ambapo maji ya mto hayafiki. Alitupokea uani. Kabla hatujafungua mdomo aliinama mbele ya mtoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Hezekia," Persida akajibu. "Magoti yako yanaendeleaje?"

"Yananisumbua, dada. Hasa asubuhi."

Ndipo sisi tukamwamkia. Rebeka alikuwa amegeuza uso pembeni. Nilipomweleza mjomba tulichokifuata, alivua kofia akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Mchungaji akisikia nimesimama kaburini na maji ya unga ya kutambikia, nitajieleza mbele ya wazee wenzangu kama mtoto aliyeiba miwa."

"Tunajua, mjomba. Utuoneshe tu njia, tutakwenda wenyewe."

"Mna unga?"

Mimi sikuwa nao. Rebeka akafungua mkoba wake, kulikuwa na pakiti ya sembe.

"Wa mahindi hautafaa." Mjomba akaingia ndani, akanung'unika peke yake huko, akatoka na bakuli la unga wa mtama. "Na nani atawaambia utaratibu, kama siji? Sikilizeni. Jina linaondolewa na binti wa marehemu. Anasema sababu kwa sauti, aliyelala asikie na mwenye mtoto asikie. Sababu iwe ya kweli. Ikiwa ya uongo jina haliondoki, linazama ndani zaidi. Kule kijijini Rudewa palikuwa na mtoto aliyevuliwa jina kwa sababu ya ugomvi tu, wazazi walimchukia shangazi mwenye jina. Walitunga sababu. Yule mtoto hakufika Krismasi."

Alilisema hilo kama mtu anayetoa bei ya tairi, na kwa hiyo likanitisha zaidi.

Njia ya kaburini inapanda. Mjomba alitangulia, mimi nikafuata na bakuli, Rebeka na mtoto nyuma. Nilikuwa msomi, nilijua mimba inavyotunga, nilijua njia ambayo mwili hutumia kuchukua kitu kutoka kwenye jani la mchicha na kukiweka juu ya jeni. Pia nilikuwa naogopa kusema uongo mbele ya kaburi. Nilizipima sababu zote mbili njiani. Nikisema mama ulikula cha mtoto, ni uongo: alikula alichowekewa, akiwa mgonjwa. Nikisema Rebeka hakula, ni kweli, lakini ukweli huo ungemvua mtoto jina na kumwekea mama yake jiwe kifuani. Nyuma yangu nilisikia kifua cha Persida kinavyovuta hewa kwa shida kwenye mwinuko, na Rebeka akimwambia, "Pumzika kwanza, wewe. Pumzika."

Kaburi la mama ni la saruji, lina ufa unaoanzia kwenye msalaba. Chini kabisa bondeni unaonekana mto, umetulia, rangi ya chai ya maziwa, na treni ya umeme ilikuwa inaingia mlimani bila kelele, behewa moja baada ya jingine, mpaka ikaisha.

Persida alizunguka kaburi akapiga magoti upande wa pili. Alikuwa ameanza kujua kusoma. Aliweka kidole kwenye saruji, kwenye herufi zilizochongwa kwa msumari.

"Pe. Rsi. Da," akasoma. Akatuangalia. "Hili ni langu."

Rebeka aliniminya mkono mpaka nikaumia.

Nilichuchumaa. Mjomba akachanganya unga na maji, akanipa. Nikamwaga kidogo kwenye ufa, na saruji ikayanywa haraka.

"Mama," nikasema. "Ni mimi Anitha. Nimekuja kuchukua jina lako kwa mtoto wa Yared."

Upepo ulikuwa haupo. Mjomba akasubiri, halafu akauliza kwa sauti yake ya kikao cha kanisa, "Sababu?"

Nilimtazama Rebeka. Alikuwa anatazama chini, midomo imekauka, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Mwaka wa mafuriko ulikuwa mgonjwa," nikasema. "Ulikula ulichopewa, na hukuuliza mkweo anakula nini. Yeye hakukwambia, kwa sababu hukuwa umemfungua kinywa. Hukumfungua kwa sababu kuku walichukuliwa na maji. Hakuna aliyeiba, mama. Chakula kilikuwa cha mtu mmoja, watu walikuwa watatu, na huyo wa tatu hakuna aliyemjua. Sijui kilimfanya nini. Nimesoma na bado sijui. Huenda kilimwachia alama, huenda hakikumwachia."

Nikamwaga tena.

"Lakini Rebeka amelibeba jambo hili peke yake, na limemfanya ashindwe kumwita mwanawe. Lazima mtu alibebe. Nakuomba ulibebe wewe. Wewe umeshamaliza kuzaa, yeye bado. Wewe huamshwi tena na kifua cha mtu. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine. Nachukua jina lako, na wewe chukua hili."

Hakuna kilichotokea. Sijui nilitegemea nini. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anageuza kofia mikononi.

"Sababu ya namna hiyo sijawahi kuisikia," akasema hatimaye. Alifikiri. "Lakini si uongo."

Akachukua bakuli, akamwaga yaliyobaki yote kwa pamoja.

Rebeka alipiga magoti. Aliweka viganja vyote viwili kwenye saruji yenye unyevu. "Mama, sikukunyima," akasema. "Hata siku moja sikukunyima." Halafu akalia, kilio kirefu ambacho hakukilia siku ya msiba, kwa kuwa siku ile mkwe alikuwa jikoni anapikia watu.

Rebeka alipotulia, mjomba alimuuliza yeye mtoto ataitwa nani, maana hatakiwi kushuka mlimani bila jina.

"Damari."

"Damari wa nani? Kwetu hatuna Damari."

"Hata kwetu hakuna," Rebeka akasema, akifuta uso kwa khanga. "Sijawahi kumjua mtu wa jina hilo, aliye hai wala aliyekufa. Nataka aanze bila mtu."

Mjomba alivuta pumzi kama anayetaka kubishana, akaacha. Akamwendea mtoto, na kwa mara ya kwanza hakuinama. Alisimama tu, hajui mikono aiweke wapi. Mtoto alimtazama, akasubiri. Halafu akainamisha kichwa chake mwenyewe, mtoto aliyelelewa na adabu.

"Shikamoo babu," akasema.

"Marahaba," mjomba akajibu, akaivaa kofia yake.

Tukaanza kushuka. Rebeka alitangulia hatua kadhaa, akageuka. "Damari," akaita. Mtoto hakugeuka, alikuwa anatazama njia tuliyotoka. "Damari," Rebeka akaita tena, kwa sauti ya kwanza, ile ya kanisani, na mtoto akakumbuka kwamba ni yeye, akamkimbilia. Rebeka alimshika mkono akawa analirudia lile jina polepole wakitembea, analijaribu kama mtu anayejaribu kiatu.

Mimi nilibaki nyuma. Nilifungua mdomo nimwambie mtoto aangalie mawe, na neno lililokuja lilikuwa mama. Nikalirudisha.

Chini karibu na nyumba alimwachia mama yake mkono, akanisubiri.

"Mimi sasa nikuite nani?"

"Shangazi," nikamwambia. "Mimi ni shangazi yako."

Alilifikiria hilo. "Na wewe, nani atakuwa mama yako?"

Nilitazama juu, kaburi halikuonekana tena, lilikuwa limefichwa na mahindi. Mtoto naye alitazama huko, macho ameyafinya kwa jua, kisha akanigeukia na kuniangalia jinsi mtoto anavyomwangalia mtu mkubwa anayelia.

"Pole, shangazi," akasema, akaenda kwa mama yake aliyekuwa anamwita ale.